Shajara ya baiskeli ya Zawadi, kutoka mtumba wenye kutu mpaka barabara ya shule

Haya nayatoa kwenye daftari langu la oda, kurasa za nyuma, huko ndo nilikuwa naandika kila nikishika hii baiskeli. Mimi ni fundi cherehani hapa Ifakara, upande wa Lipangalala, sio fundi baiskeli, ila mwanangu Zawadi amemaliza darasa la saba mwezi wa 9 na Januari anaingia form one shule ya kutwa, kama kilomita 5 kutoka nyumbani, na nauli ya boda kwenda na kurudi kila siku siiwezi, na kumtoa mtoto wa kike saa kumi na moja asubuhi gizani atembee peke yake sitaki kabisa. Kwa hiyo baiskeli. Na nikajiwekea sharti moja kwamba iwe baiskeli ambayo ikimgomea njiani anaweza kuifungua mwenyewe, asikae barabarani anasubiri msamaria.

OKTOBA 6

Nimeinunua. Mtumba wa Kijapani, ile ya kapu mbele, fremu ya kike iliyoshuka chini ili sketi ipite, ringi za 26, gia moja. Bado ina ile stika ya usajili wa huko Japani kwenye fremu na kufuli ya duara gurudumu la nyuma ambayo funguo yake haipo, nimeikata na msumeno wa chuma.

Kabla sijalipa nilifanya vitu vitatu ambavyo namshauri kila mtu avifanye. Cha kwanza nilipitisha kidole kwenye viungio vyote vya fremu, hasa pale chini ya hendo na pale kwenye kranki (ule mkono wa chuma unaoshika pedeli), kutafuta ufa, maana rangi ikipasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ndani ujue chuma kinaachia, na hiyo usinunue hata kwa bei ya chai. Cha pili nilisimama nyuma yake nikaangalia kama gurudumu la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja. Cha tatu nilishika kranki ya kushoto nikaitikisa, ikacheza sana, nikajua hapo kuna kazi, nikapunguziwa elfu kumi.

Hali yake kwa ujumla: tairi zote zimekauka zimepasuka ubavuni, cheni kutu tupu, breki ya nyuma inapiga kelele mpaka kuku wanakimbia, taa haiwaki, siti imechanika (hiyo nitashona mwenyewe). Fremu nzima.

OKTOBA 8

Leo tumeanza kufungua, mimi na Zawadi, baada ya kufunga kibanda. Tumekwama kwenye pedeli ya kushoto karibu saa nzima. Tunavuta spana kama nati ya kawaida na ndo tunazidi kuibana. Baba mmoja anayepita na mkokoteni akasimama akasema, mama, hiyo ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume.

Basi andika mahali pazuri. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati zote, ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa pili. Na kama kukumbuka kulia na kushoto kunakuchanganya kuna njia rahisi zaidi, weka spana kwenye pedeli ikiwa imeelekea juu kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma, pande zote mbili zinafunguka hivyo hivyo. Kubana ni kuisukuma kuelekea mbele. Zawadi alijaribu mara moja ikaachia mlio wa "ka!" na kutu ikamwagika, alifurahi sana.

Wakati wa kurudisha usisahau grisi kidogo kwenye nyuzi, la sivyo mwakani unarudi kulia na ile ile.

OKTOBA 13

Siku mbaya. Nimekwenda dukani nikasema nataka tairi mbili za 26, nikapewa, nikalipa, nikarudi. Tumekaa chini na vijiko viwili vya chakula kama nyenzo, tunalazimisha tairi iingie kwenye ringi, haiingii, inaishia robo tatu tu halafu inakataa, kijiko kimoja kimepinda, vidole vinauma. Zawadi akasema mama labda ringi ni kubwa. Nikamwambia haiwezekani, ringi 26 tairi 26.

Kumbe inawezekana. Nimekaa na taa ya simu kusoma maandishi madogo ubavuni mwa tairi ya zamani. Tairi ya zamani imeandikwa 26 x 1 3/8 na pembeni 37-590. Tairi mpya imeandikwa 26 x 1.95 na pembeni yake namba inaishia na 559. Hiyo namba ya mwisho ndo kipimo cha kweli, ni upana wa duara pale tairi inapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Kwa hiyo hizo tairi mbili zote zinaitwa 26 lakini moja ni ndogo kwa milimita 31 kuliko nyingine, ni za baiskeli tofauti kabisa, ile ya 559 ni ya baiskeli za milimani zenye tairi nene. Na ukienda kwenye baiskeli kubwa za mzigo, zile za 28 x 1 1/2 za breki za vyuma, hizo ni 635.

Mimi ni mtu wa vipimo, mteja akija sikubali aniambie "mimi navaa saizi 14", nampima kiuno, nampima nyonga, kwa sababu 14 ya mshonaji mmoja sio 14 ya mwingine. Imeniuma sana kwamba kwenye baiskeli nilikubali jina bila kupima. Dukani walikataa kubadilisha kwa sababu tairi imeshakwaruzika na vijiko. Nimemuuzia kijana jirani mwenye baiskeli ya milimani, nimepoteza elfu nne.

Kwa hiyo ukienda kununua tairi au tyubu usiseme "26" ukanyamaza. Soma ile namba yenye kistari katikati, iandike kwenye karatasi au ipige picha, umwonyeshe muuzaji.

OKTOBA 15

Tairi sahihi nimepata duka la pili, 26 x 1 3/8, zimeingia kwa vidole tu mpaka mwisho, kijiko nimetumia sehemu moja ndogo.

Kabla ya kuweka tyubu niliangalia ule utepe unaofunika vichwa vya spoku ndani ya ringi. Wa zamani ulikuwa mpira umeoza. Nimeshona mpya kwa utepe wa pamba, ule tunaoweka kiunoni kwenye sketi, upana wa sentimita 2, nikaukaza kidogo ukae bila kukunjika na nikatoboa tundu la volvu kwa kushona ukingo wake kama tundu la kifungo ili usichanike. Ukikosa huo utepe vichwa vya spoku vinatoboa tyubu kutokea ndani, na utaziba pancha kila wiki ukidhani ni miiba.

OKTOBA 20

Hii ya leo ningeijua mapema ningeokoa siku tano. Tairi la mbele likijazwa jioni asubuhi limelala. Nimetoa tyubu, nimeizamisha kwenye beseni, sioni mapovu. Nikaona kama kuna sehemu inatoa kidogo nikaweka kiraka. Kesho yake limelala. Nikaweka kiraka kingine mahali pengine, limelala.

Nimempelekea fundi mzee wa pale karibu na soko, yule ambaye watu wote wanamwita Babu. Hakugusa hata tyubu. Aliniambia, "Mama Zawadi, weka mate kwenye volvu." Nikaweka, mapovu yakaanza kuota taratibu.

Hizi baiskeli zina volvu ya zamani, ambayo ndani ina kipini kidogo chenye tundu ubavuni na juu yake kimevalishwa mpira mwembamba kama mrija. Upepo ukiingia unasukuma mpira, ukitaka kutoka mpira unabana lile tundu. Sasa mpira ukizeeka unapasuka au unanata, na upepo unatoka polepole usiku kucha, ukizamisha tyubu peke yake yenye upepo mdogo huoni kitu. Mpira wenyewe bei yake ni ya pipi. Babu alinikatia kipande kama sentimita 2 na nusu, akakilowanisha kwa maji, akakivalisha mpaka kikapita lile tundu, akafunga. Mpaka leo naandika upepo upo.

Tokea hapo utaratibu wangu ni mate kwenye volvu kwanza, ndo nifikirie kutoa tairi. Na kwenye kipochi cha siti cha Zawadi nimeweka vipande vinne vya huo mpira.

NOVEMBA 3

Habu, yaani kile kitovu cha gurudumu ambamo ekseli inapita. Hapa nimekaa Jumapili nzima kwa sababu nimependa hii kazi.

Ukizungusha gurudumu lililofunguliwa huku umeshika ekseli kwa vidole viwili unasikia kabisa, kama ni nzuri inateleza kimya, kama ni mbovu unahisi mchanga. La nyuma lilikuwa mchanga mtupu. Nimefungua nati, nikatoa koni (ile nati yenye umbo la pia inayobana gololi), nikatandika kitambaa cheupe chini (sio cha rangi, gololi zinapotea) na nikatumia ile sumaku yangu ya kuokotea pini kuzitoa gololi moja moja.

Hesabu zake ziandikwe. Mbele gololi ni ndogo, 3/16 ya inchi, 10 kila upande. Nyuma ni kubwa, 1/4 ya inchi, 9 kila upande. Mimi upande wa kulia nyuma nilikuta 8, maana yake kuna mtu alishafungua huko nyuma, moja ikamponyoka, akafunga hivyo hivyo, na zile 8 zilikuwa zinagongana na kuikwaruza koni. Nimenunua gololi mpya zote, usichanganye mpya na za zamani, zile za zamani zimepungua kwa kipimo ambacho jicho halioni na mzigo wote utabebwa na mpya.

Nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikafuta mpaka kikauke, grisi kwenye kikombe (kile kiota cha gololi), gololi zikanata vizuri kama shanga kwenye nta, koni juu yake.

Kubana koni ndo penye utamu. Ukibana sana gurudumu linazunguka kwa kusuasua, ukilegeza sana ringi inacheza kushoto kulia. Unabana mpaka ile kucheza iishe halafu unasimama hapo hapo, unashika koni kwa spana nyembamba na kwa mkono mwingine unakaza nati ya juu yake. Mara ya kwanza ukikaza nati koni inazunguka nayo na unaharibu ulichopima. Nilirudia mara sita. Kipimo changu cha mwisho ni hiki, nainua gurudumu liwe hewani na kuliacha lenyewe, upande wenye uzito unashuka taratibu mpaka chini, unapita kidogo, unarudi, unapita, unatulia. Likifika hapo najua hakuna kitu kinachobana.

NOVEMBA 10

Kranki ya kushoto. Tundu lake la mraba limeliwa, limekuwa kama duara, kwa sababu mwenye baiskeli wa kwanza aliendelea kupiga pedeli nati ikiwa imelegea. Vijana wawili kijiweni walinishauri nikate kopo la soda niweke kipande kama kabari. Itakaa wiki, tena kwa mtu mzima mwenye kujua kuilinda, mimi hii ni ya mtoto anayevuka barabara ya malori ya mpunga. Nimenunua kranki mpya ya chuma, urefu ule ule wa ya kulia, pima kutoka katikati ya tundu la ekseli mpaka katikati ya tundu la pedeli.

Kutoa kranki kunahitaji pula yake, usipige nyundo. Pula unaifunga kwenye nyuzi za kranki mpaka mwisho kabisa, halafu unakaza ile skrubu ya katikati inasukuma ekseli na kranki inatoka yenyewe. Ukiifunga nusu nyuzi zinachanika na hapo umeharibu kranki nzima. Babu aliniazima yake bure, nikamshonea suruali iliyochanika goti.

Nilivyotoa kranki nikafungua na beringi ya katikati. Hapa tena nyuzi zinacheza kinyume, kikombe cha upande wa cheni ndo kinafunguka kinyume, cha kushoto kawaida. Kwa pedeli ilikuwa kushoto, kwa kikombe ni kulia, na watu wengi wanachanganya hapo wanavunja spana. Mimi cha kulia sikukitoa, kilikuwa kizima, nilikisafisha kikiwa ndani. Gololi 1/4, nimeweka 11 kila upande bila keji (ile pete ya kuzishikilia gololi).

NOVEMBA 17

Kunyoosha ringi. Ya nyuma ilikuwa inayumba kama sentimita moja.

Spana ya spoku ninayo, kilichonisumbua ni kujua wapi pamepinda. Mafundi wanaweka kidole. Mimi nimechukua chaki yangu ya kuchorea kitambaa, nimegeuza baiskeli miguu juu, nimeegemeza mkono kwenye fremu na kusogeza ncha ya chaki mpaka karibu na ringi, Zawadi anazungusha polepole. Pale ringi inapotoka nje inaigusa chaki, inajiandika yenyewe mstari mweupe. Ukisimamisha unaona kabisa kwamba kutoka spoku hii mpaka ile ndo imetoka.

Sasa kama imetoka kuelekea kushoto, spoku za eneo lile zinazokwenda upande wa kulia wa habu unazikaza robo mzunguko, na zile za kushoto unazilegeza robo. Robo tu. Futa chaki, zungusha tena. Mtu akikaza mzunguko mzima ringi inahama upande wa pili na anaanza kulaumu ringi. Vinati vyenye kutu vitie tone la mafuta usiku, ufanye kazi asubuhi, mimi viwili vilivunjika kwa haraka yangu na ikabidi nitoe tairi kuweka spoku mpya.

Nilipomaliza nilipitisha kidole kwenye spoku zote zikilia kama nyuzi, ile iliyolegea sauti yake ni nzito, unaisikia. Sasa inayumba kama unene wa shilingi, nimeridhika.

NOVEMBA 24

Cheni na friwili, ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma. Mtu ananiuliza kila siku cheni hii ni nzima au imekwisha, na jibu lipo kwenye rula. Pini mpaka pini ya cheni ni nusu inchi, kwa hiyo ukihesabu pini 24 kutoka pini ya kwanza unatakiwa kuwa kwenye inchi 12 kamili. Bahati nzuri mafundi nguo tunapima kwa inchi. Lakini usitumie futi ya plastiki ya kuvaa shingoni, inavutika, yangu moja nimeilinganisha na ya chuma imezidi. Tumia rula ya chuma ndefu, ile ya sentimita 30 haifiki, inchi 12 ni sentimita 30 na nusu hivi. Weka sifuri katikati ya pini, soma mwisho. Ikizidi 1/16 ya inchi anza kutafuta cheni mpya, ikifika 1/8 imeshaanza kula meno.

Ya Zawadi ilizidi 1/8. Na meno ya friwili yalikuwa yamechongoka kama ndoana, kwa hiyo nimebadili vyote viwili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyoliwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Friwili sikuitoa mwenyewe, inajibana kila unapopiga pedeli kwa miaka yote, nilipeleka gurudumu kwa Babu wakaishika watu wawili.

Watu wa cheni za gia wawe makini, hii ni cheni pana, upana wake ni 1/8 ya inchi, usinunue ile nyembamba. Kiungo cha kufungia kina klipu yenye mdomo wazi upande mmoja, ule upande uliofunga ndo uelekee mbele cheni inapokwenda upande wa juu, mdomo wazi ubaki nyuma, kikigusa kitu kisichomoke.

Kukaza cheni unavuta gurudumu nyuma, ukibonyeza katikati icheze kama sentimita moja mpaka moja na nusu, halafu zungusha kranki duara zima uone hakuna mahali inakaza kama uzi.

Mafuta: mafuta ya cherehani ni mazuri kudondoshea ndani ya friwili na kwenye waya wa breki. Kwenye cheni ni mepesi mno, vumbi la hapa na mvua moja yanakwisha. Cheni natumia oili nzito zaidi, tone kwa kila kiungo, naacha inywe usiku, asubuhi nafuta ya nje yote kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisichafuke. Oili ikibaki nje inakamata vumbi na inakuwa msasa.

DESEMBA 1 MPAKA 12

Sijagusa. Sare za shule na nguo za Krismasi, nalala saa saba usiku. Zawadi alikuwa anaifuta vumbi.

DESEMBA 15

Breki. Nimeiacha mwisho na nimeitazama kwa makini kuliko vyote.

Ya mbele ni ya raba mbili kubana ringi. Ringi ni za chuma kinachong'aa, zikilowa breki inashika kwa kuchelewa sana, hilo Zawadi nimemwambia na nimemwonyesha kwa kumwagia maji, aone mwenyewe umbali unavyoongezeka. Raba mpya, nimezipanga ncha ya mbele itangulie kugusa kidogo, zimeacha kupiga mluzi.

Ya nyuma ni ya mkanda, kuna ngoma imefungwa kwenye habu upande wa kushoto na mkanda unaizunguka na kuibana. Hii ndo ilikuwa inapiga zile kelele. Nimefungua, ndani vumbi jeusi na mkanda umekuwa laini unang'aa kama kioo. Nimeusugua na msasa mpaka ukawa na ukali, ngoma nimeifuta kwa spiriti, nimerudisha. Kelele zimepungua sana. TAFADHALI usitie oili humo ndani, najua mkono unavutwa kutia oili kila kinacholia, nimemwona mtu akifanya hivyo na breki ya nyuma ikawa haipo kabisa. Hata unapotia mafuta ekseli ya nyuma funika upande ule na kitambaa.

Kitu kingine nilichokigundua kikanitia baridi, ule mkono wa breki unatakiwa ufungwe kwa bolti kwenye bomba la fremu, ndo unaozuia kasha la breki lisizunguke na gurudumu. Bolti haikuwepo, palikuwa pamefungwa na waya wa mabinda. Nimeweka bolti na nati mbili, ya pili inaifunga ya kwanza. Kila anayenunua hizi baiskeli za Kijapani aangalie hapo kabla hajaipanda.

DESEMBA 22

Rangi na taa. Zawadi alichagua kijani. Tumepiga msasa, tumepaka foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) na fremu, siti imeshonwa kwa ngozi bandia nyeusi nyuzi mbili mbili, imependeza mno.

Taa ikakataa kuwaka. Dainamo nzima, volti 6, balbu mpya, waya mpya, giza. Siku mbili nahangaika. Kumbe hizi taa waya ni mmoja tu, njia ya kurudi umeme ni fremu yenyewe, na mimi nimepaka rangi nzuri nene pale dainamo na taa zinaposhikana na foku. Nimekwangua rangi chini ya bolti zote mbili mpaka chuma kitupu, nikakaza, Zawadi akazungusha gurudumu, ukuta wa jikoni ukawa mweupe. Alipiga kelele mpaka bibi yake akatoka nje.

DESEMBA 29

Siku ya mafunzo. Nimemwambia mwanangu, leo mimi nakaa kwenye kiti, hii tairi la nyuma nimelitoa upepo, ligeuze, litoe, ziba, rudisha. Nati za nyuma ni spana 15. Alichukua dakika 50 mara ya kwanza, ya pili 30.

Nilimsimamisha mahali pawili tu. Solusheni alitaka kubandika kiraka ikiwa bado inang'aa, nikamwambia subiri ikauke mpaka ukigusa kwa kucha isivute uzi. Na kabla ya kurudisha tyubu achukue pamba apitishe ndani ya tairi duara zima, palipo na mwiba pamba inanasa, ukitumia kidole mwiba unakunasa wewe.

Siti nimeweka chini, kisigino chake kinafika kwenye pedeli iliyo chini mguu ukiwa umenyooka. Bomba la siti nimelipaka grisi ili mwakani akirefuka lipande bila vita, ila lisipite ile alama ya mwisho iliyochongwa.

JANUARI, WIKI YA KWANZA YA SHULE

Jumatatu nilimsindikiza kwa baiskeli ya jirani mpaka getini. Jumanne alikwenda na wenzake wawili wa mtaani. Jumatano alichelewa kurudi, saa kumi na moja na nusu nikaanza kutoka barabarani, nikamwona anakuja anapiga pedeli pole pole, vidole vyeusi mpaka kwenye kiwiko. Mwiba njia ya kwenda Kibaoni. Alizibia chini ya mti, wasichana wenzake wakamshikia baiskeli, na aliniletea ule mwiba umefungwa kwenye pamba.

Ijumaa nimekaza nati za kranki tena, kranki mpya inajikalia siku za mwanzo na ya kushoto ilikubali kama nusu mzunguko. Madigadi ya nyuma inagongagonga, nitaweka washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya zamani. Spoku mbili za upande wa cheni zimelegea, Zawadi ameshageuza baiskeli na kuzichorea chaki, ananisubiri nimalize kupindika hii sketi.